Usisimame Juu ya Daraja

Salvina hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaogopa madaraja. Angemwambia nani? Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusindikiza mizigo mizito, na barabara za mlimani zimejaa madaraja.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe yenye taa ya njano inayozunguka juu ya paa na kibao kilichoandikwa MZIGO MKUBWA. Yeye hutangulia, anasimamisha magari yanayokuja na kuangalia nyaya za umeme na matawi. Nyuma yake huja lobedi, lile tela refu la chini lenye matairi mengi kuliko mtu anavyojali kuhesabu, likivutwa na kichwa cha lori ambacho dereva wake ni mume wake, Thadeus. Mjini Moshi watu waliwaona wanapendeza, mke mbele, mume nyuma. Hawakujua jinsi Salvina anavyoogopa kila anapotazama kioo na kuuona ule mlima wa chuma ukimfuata mume wake mgongoni.

Safari hii mzigo ulikuwa transfoma ya kituo cha umeme kinachojengwa Mkuu, Rombo. Komal, binti wa Mzee Mohinder, ndiye aliyeendesha kampuni ya malori waliyoifanyia kazi tangu baba yake achoke, na alikuwa amehangaikia kibali cha mzigo ule kwa miezi. Lobedi ilipita mzani wa Njia Panda, kila ekseli ikapimwa, wakapanda Marangu polepole hadi Mwika. Hapo mvua ikawakamata. Kibali hakikuruhusu kusafiri kwenye mvua, kwa hiyo wakalala na kushinda Mwika, wakisikiliza maji yakipiga mabati. Mvua ilipokatika walingoja tena, mpaka asubuhi moja jua likatoka kali na barabara ikaanza kufuka mvuke.

Primus, mhandisi wa barabara aliyetumwa kufuatana nao, alikuwa ameshuka chini ya daraja lililo mbele tangu mapambazuko. Alirudi viatu vimejaa tope.

"Nguzo ziko sawa, na maji yamepungua," alisema. Akaweka kibali juu ya boneti ya pikapu, wote wakamzunguka. "Ila masharti ni yale yale. Lobedi inavuka peke yake, katikati ya barabara, mwendo wa mtu anayetembea. Ukishaingia darajani hakuna kubadilisha gia, hakuna breki, hakuna kusimama mpaka tairi la mwisho litoke."

"Na kupumua je, mhandisi?" Thadeus aliuliza. "Kumeruhusiwa?"

Watu wakacheka. Salvina hakucheka.

"Kwa nini asifunge breki?" aliuliza, ingawa alikuwa amewahi kuelezwa.

"Ukifunga breki, uzito wote unalisukuma daraja kwa mpigo mmoja," Primus alimjibu. "Daraja hili ni la zamani, mama. Linaweza kubeba mzigo huu ukipita taratibu. Kubeba na kushtuliwa ni mambo mawili."

Thadeus alimpa Salvina simu yake, kama kawaida, maana hakupenda iite akiwa kwenye usukani. Akachukua redio ya mkononi. "Tutaonana ng'ambo, Mama Gladys," alisema, akapanda.

Daraja lilikuwa chini ya korongo. Barabara inateremka kutoka upande wa Mwika, inavuka mto, kisha inapanda na kukata kona katikati ya migomba. Eliudi, dereva wa kichwa cha pili kilichosaidia kusukuma kwenye milima, alibaki juu ya mteremko na kufunga barabara nyuma. Primus alishuka kando ya mto, akakaa mahali anapoweza kuona tumbo la daraja. Salvina alivuka kwanza. Alipofika tu ng'ambo, aliegesha pikapu kwa kukingama barabara ili gari lolote linalotoka Mkuu lisipite, akashuka na bendera yake nyekundu.

"Huku kumefungwa," alisema redioni. "Njia ni nyeupe."

"Nakuja," Thadeus alijibu.

Salvina aliiona ikianza kuteremka. Kutoka mbali lobedi ilionekana kama haitembei, kama ni korongo ndilo linalosogea. Matairi ya mbele yakagusa daraja. Mngurumo wa injini ukabadilika, ukawa mzito, ukapita kwenye lami na kumwingia Salvina kwenye nyayo.

"Mama! Wewe mama wa gari!"

Sauti ilitoka chini, kwenye migomba iliyopakana na barabara. Mwanamke mtu mzima alikuwa anapanda kingo kwa taabu, mzigo wa majani ya ng'ombe bado kichwani.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali usisogee, kuna gari zito."

"Marahaba. Ndiyo maana nimepanda. Mimi Elinipendo, kihamba hiki cha chini, shamba hili la migomba, ni changu." Alitua mzigo, akahema. "Njoo uone maji. Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, umezibwa na vigogo vya migomba huko juu, tangu jana maji yameacha njia yake. Sasa yanatoka kwenye ukuta wa daraja. Asubuhi yalikuwa yanadondoka. Sasa yanaruka kama bomba limepasuka."

Salvina alikimbilia ukingoni na kuinama. Ukuta wa mawe ulioshikilia udongo wa barabara, pale daraja linapokutana na nchi kavu, ulikuwa na mpasuko. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalirushwa nje kwa nguvu, na ndani yake kulikuwa na mchanga, kokoto, udongo mwekundu. Jiwe moja likang'oka mbele ya macho yake, likadondokea mtoni. Nyuma yake pakabaki giza. Upande huu wa ukuta Primus asingeweza kuuona kutoka alipokaa.

Alitazama lami. Palikuwa na ufa mwembamba, umekata barabara kutoka ukingo hadi ukingo, kati ya pikapu yake na daraja. Hakuuona alipopita. Labda haukuwepo.

Akaelewa. Daraja lilikuwa zima. Kilichokuwa kimekufa ni ardhi ya upande wake. Udongo ulikuwa umeliwa chini, na lami ilikuwa imebaki kama ngozi juu ya shimo. Pikapu ilipita kwa sababu ni nyepesi. Thadeus alikuwa anakuja na tani themanini na ushei.

Alibonyeza redio. "Thadeus, simama! Simama, ardhi ya huku imebomoka!"

Aliachia kitufe ili asikie jibu, akasikia sauti ya mume wake, lakini haikuwa jibu.

"...umejaa neema, Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote..."

Thadeus alikuwa amebana kitufe cha redio bila kujua. Alikuwa ameikamata pamoja na usukani, akaiminya kwa hofu, na maadamu alikuwa ameiminya, hakuna aliyeweza kumfikia. Wote walikuwa wanamsikia, naye hamsikii mtu. Salvina hakuwahi kujua kwamba mume wake husali anapovuka. Miaka yote ile alidhani ni yeye peke yake anayeogopa.

Alibonyeza tena, akapiga kelele. Sala ikaendelea. Lobedi ilikuwa imeingia yote darajani. Simu ya Thadeus ilikuwa mfukoni mwa Salvina mwenyewe.

"Bibi," alisema, na sauti yake haikusikika kama yake, "rudi juu kwenye kona. Lisipite gari, wala pikipiki, wala mtu. Simama katikati."

"Na wewe?"

Salvina alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea darajani.

Alipoufikia ufa aliruka. Alipotua upande wa pili alihisi lami ikibonyea chini ya mguu wake, kidogo tu, kama godoro. Hilo ndilo lililomtisha kuliko vyote baadaye alipolikumbuka. Hakusimama. Alikanyaga zege ya daraja, akakimbia kuikabili lobedi, akipunga bendera kwa mkono mmoja na kitambaa alichokivua kichwani kwa mwingine.

"Simama! Baba Gladys, simama!"

Kichwa cha lori kilikuwa kikubwa kuliko alivyowahi kukiona. Nyuma ya kioo aliuona uso wa Thadeus, midomo ikitembea, macho yamekodoa mbele, yakitazama kama hayaoni. Kisha yakamwona. Akatikisa kichwa. Akanyanyua mkono mmoja na kumfukuza kwa nguvu: toka, toka! Sharti lilikuwa kichwani mwake, na mke wake alikuwa amesimama katikati ya njia yake.

Salvina hakutoka. Alipiga magoti. Pale pale juu ya zege akainua mikono yote miwili, akafumba macho.

Alisikia Thadeus akiachia mafuta. Injini ikashuka. Lobedi ikasogea bado, ikasogea, kisha breki za upepo zikapiga kelele ndefu na daraja zima likashtuka. Mshtuko ulimpitia Salvina magotini hadi kwenye meno. Kutoka chini ulisikika mlio wa zege iliyominywa, kisha sauti ya maji tu.

Alifumbua macho. Bampa ilikuwa mbali naye kiasi cha chumba kimoja.

Primus alikuwa anapiga kelele kutoka mtoni. "Nani kamsimamisha? Asisimame! Mwambieni asogee!"

"Mbele hakuna barabara!" Salvina alimjibu, akielekeza kidole nyuma yake.

Na hapo ndipo barabara ilipoanguka. Haikutoa mlipuko. Ilitoa sauti kama mtu anayemwaga gunia la mahindi, ndefu, isiyoisha. Lami ilikunjika, ukuta wa mawe ukalala kuelekea mtoni, na pikapu nyeupe ikainamisha pua taratibu, taa yake ya njano bado inazunguka, ikateleza shimoni na kulala ubavu. Harufu ya udongo mbichi ikapanda. Ng'ambo ya shimo, juu kwenye kona, Bibi Elinipendo alikuwa amesimama katikati ya barabara, amenyoosha kanga yake mbele ya Noah moja ya abiria iliyokuwa imefunga breki.

Redioni, sala ilikuwa imekatika.

Primus alipanda kutoka mtoni kwa mikono na miguu hadi barabarani, upande wa Mwika. Alipoliona shimo alishika redio, na sauti yake ikawa ya utulivu wa kulazimishwa.

"Sikilizeni. Daraja limekubali mpaka sasa, lakini sitaki likae na mzigo huu. Bila ule udongo wa nyuma, nguzo ya upande huo haina kinachoishikilia. Lazima arudi nyuma, na arudi taratibu. Eliudi, una waya wa kuvutia?"

"Ninao, mrefu," Eliudi alijibu.

"Usikanyage daraja na hicho kichwa. Kaa nchi kavu. Waya nitauleta mimi. Thadeus, usiguse kitu. Mama Gladys, pita kando yake, toka huku kwetu. Darajani abaki dereva peke yake."

Salvina alisimama. Magoti yalikuwa yanavuja damu. Alipita kando ya kichwa, kwenye nafasi nyembamba kati ya matairi na kizuizi, na alipofika mlangoni akasimama. Thadeus alikuwa ameshusha kioo. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Shuka," Salvina alisema. "Weka breki ya mkono, ushuke twende. Acha lianguke."

"Nikishuka nani atanyoosha usukani?"

"Sijali."

"Tela likienda upande litavunja kizuizi, litaangukia mtoni. Chini kule kuna vihamba vya watu, Salvina." Hakuwa akimwita jina lake mara nyingi. Alitazama mikono yake iliyokuwa kwenye usukani kama mikono ya mtu mwingine. "Hata nikitaka, sidhani kama vidole vitaachia. Nimejaribu."

"Unaogopa?"

"Naogopa mpaka sioni vizuri."

Alipanda ngazi ya kwanza ya lori, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mume wake. Ulikuwa wa baridi na umeloa.

"Mama Gladys!" Primus aliita. "Tafadhali!"

"Nenda," Thadeus alisema. "Nitakutazama kwenye kioo. Simama mahali nitakapokuona."

Alishuka. Akatembea kando ya lobedi yote, kando ya transfoma iliyofungwa minyororo, na kila hatua alihisi daraja likitetemeka kidogo, au labda ni yeye. Alipishana na Primus aliyekuwa anakokota ndoano ya waya, amekunja uso, midomo imebana. Alipofika nchi kavu alikwenda upande wa kulia wa barabara, akapanda juu ya jiwe la ukingoni, akasimama wima ili aonekane.

Primus aliifunga ndoano kwenye mkia wa tela, akaondoka darajani kwa mwendo wa haraka wa mtu anayejizuia kukimbia. Eliudi alianza kuvuta. Waya ulinyooka kutoka kwenye tope, ukapiga mlio kama uzi wa gitaa.

"Thadeus, achia breki. Gia ya nyuma. Mafuta kidogo sana."

Hakuna kilichotokea. Matairi ya Eliudi yaliteleza kwenye lami yenye matope, yakazunguka bure, moshi ukatoka. Kule ng'ambo sehemu nyingine ya udongo ilimegeka na kuingia mtoni, na safari hii daraja lilitoa mlio wake tena, mrefu zaidi. Salvina alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Alijua kwamba akipiga kelele Thadeus atamwona anavyoogopa, kwa hiyo hakupiga.

"Mchanga!" Primus alisema. "Wekeni chochote chini ya matairi!"

Watu walikuwa wameshajaa juu ya mteremko, waliotoka vihambani na waliokwama kwenye magari. Waliteremka na majani makavu ya migomba, magunia, hata sweta. Mwanamume mmoja alivua koti la suti, la mtu anayekwenda msibani, akalitupa chini ya tairi. Eliudi akajaribu tena. Matairi yakauma.

Lobedi ikarudi nyuma. Ilikuwa polepole kiasi kwamba Salvina hakuamini mpaka aliponyoosha macho na kuchagua nguzo moja ya kizuizi, akaona tairi la kwanza likiipita. Kisha la pili. Aliutazama uso wa mume wake ndani ya kioo cha pembeni, kipande kidogo cha uso, jicho moja likimtafuta. Tela lilipoanza kwenda kushoto alinyoosha mkono wake wa kulia, na akaona usukani ukigeuka. Lilipokwenda kulia akanyoosha wa kushoto. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Primus akamwachia.

Tairi la mwisho la mbele lilipotoka kwenye zege na kukanyaga udongo wa Mwika, watu walipiga kelele za furaha. Eliudi hakusimama hadi lobedi ilipofika mahali pa tambarare. Wakaweka kabari chini ya matairi. Injini ikazimwa.

Mlango haukufunguliwa. Salvina alipanda, akafungua mwenyewe. Ilibidi amfungue Thadeus vidole, kimoja kimoja. Alimshusha akiwa amemshikilia, wakaenda nyuma ya migomba, na hapo Thadeus akatapika, kisha akakaa kwenye nyasi zilizoloa na kulia kwa sauti kama mtoto. Salvina alikaa pembeni yake. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaona, naye alilia.

Komal alifika mchana kutoka mjini. Alishuka mpaka ukingoni, akaitazama pikapu yake iliyolala shimoni, akarudi akiwa amekosa rangi. Salvina alijiandaa kueleza habari ya kibali na ya breki.

"Mama Gladys, usinieleze," Komal alisema. Akamkumbatia kwa nguvu. "Baba ananipigia simu kila dakika kuuliza kama Thadeus yuko hai. Ongea naye tafadhali. Mimi hanisadiki."

Barabara ilitengenezwa kwa wiki nyingi. Walijenga ukuta mpya, wakapitisha mfongo ndani ya bomba la zege, na Primus akaandika kibali upya, ukurasa mmoja zaidi kuliko wa kwanza. Komal aliwaambia wote wawili kwamba si lazima warudi. Alikuwa amepata dereva mwingine, Sylvanus, kutoka Arusha.

Thadeus alifikiri siku kadhaa, akasema mzigo ataupeleka mwenyewe. Hakutoa sababu. Salvina alikasirika hadi akakataa kuongea naye, kisha akaenda kuchukua funguo za pikapu mpya.

Siku ya kuvuka alilipita daraja lote kwa miguu kwanza, kwenda na kurudi, akikanyaga kwa kisigino. Hakuna aliyemcheka. Lobedi ilipoingia, alisimama ng'ambo na bendera, na hofu ilikuwa ile ile, haikupungua hata punje. Bibi Elinipendo alikuja kusimama karibu naye, akamshika kiwiko. Wakatazama pamoja. Lori lilikuja, likaja, likatoka, tairi la mwisho likakanyaga lami mpya, na Thadeus akapita mbele yao bila kugeuza kichwa, maana mlima ulikuwa unaanza na hakutakiwa kusimama.

Salvina alikimbilia gari lake, akawasha taa, akalipita lori, akatangulia kuelekea Mkuu.